Maswali ya Wasomaji: Sahani Hii Ilizaliwa Lini?

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zimetoka Tanga na Pangani, na zote zinahusu sahani za santuri za muziki wa folki-roki pamoja na muziki uliouzaa, yaani nyimbo za kimapokeo za Waingereza na Wamarekani, na zile zilizotungwa kwa mfano wake, ambazo kuanzia katikati ya miaka ya 1960 zilianza kupigwa kwa magitaa ya umeme. Sahani hizo zilifika kwetu pamoja na watu waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, bandarini na mashuleni, na nyingi zilibaki wenyewe walipoondoka.

*Shikamoo Mhariri. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba meneja huyo, Mwingereza, alirudi kwao mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya mashamba kutaifishwa, akamwachia babu sanduku lenye sahani kumi na mbili. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi, akaitazama albamu ya mwimbaji wa Marekani, The Freewheelin' Bob Dylan, akasema ni ya kughushi, kwa kuwa ya asili huandikwa Columbia na yetu imeandikwa CBS, akataka kuichukua kwa bei ya soda. Lebo yake ni ya rangi ya chungwa na namba yake ni BPG 62193. Mjomba wangu naye anashikilia kwamba sahani zote ni chapa za kwanza, yaani zilizotengenezwa albamu zilipotoka mara ya kwanza, kwa kuwa ni za kabla ya 1968, ikiwemo ya kundi la Fairport Convention iitwayo Liege & Lief, namba ILPS 9115, ambayo lebo yake ina picha ya mnazi na ukingo wa waridi. Nimsikilize nani? — Msomaji, Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuandika kabla ya kuuza, na umefanya vizuri zaidi kunakili namba, kwa sababu namba hizo zinatosha kuonyesha kwamba mnunuzi amekosea, na kwamba mjomba wako, kwa heshima yote anayostahili, amekosea pia.

Nianze na CBS. Bob Dylan alirekodi kwa kampuni ya Columbia ya Marekani, na ni kweli kwamba sahani zake zilizotengenezwa huko zina jina la Columbia. Lakini nchini Uingereza jina hilo lilikuwa mali ya kampuni nyingine, EMI, iliyokuwa na lebo yake yenyewe iitwayo Columbia. Wamarekani hawakuweza kuuza kwa jina lao katika nchi ambayo jina hilo lina mwenyewe, na ndiyo maana kuanzia mwaka 1962 sahani zao zilitoka Uingereza kwa jina la CBS. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba CBS ni ya kughushi hajui historia ya bidhaa anayoinunua, au anaijua na anatumaini kwamba wewe huijui. Sahani iliyokuja Muheza katika mizigo ya Mwingereza ilitarajiwa kabisa iwe CBS. Ingekuwa Columbia ya Marekani ndipo tungekuwa na sababu ya kuuliza ilipitia wapi.

Namba BPG 62193 ni ya albamu hiyo hiyo kama ilivyotolewa Uingereza, nazo herufi BPG zina maana kwamba ni ya mono, yaani ya sauti ya njia moja, tofauti na stereo yenye njia mbili. Ya stereo iliandikwa SBPG 62193. Chapa za miaka ya baadaye ziliacha herufi hizo, basi kuwepo kwake ni dalili njema kwamba sahani yenu ni ya miaka ya 1960. Hata hivyo dalili njema si ushahidi kamili, kwa sababu lebo ya rangi ya chungwa ilidumu miaka mingi. Tazama jalada: majalada mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yalipakwa utando unaong'aa upande wa mbele peke yake, na kingo zake zilikunjiwa nyuma na kugandishwa juu ya karatasi ya nyuma, kiasi kwamba ukipitisha kidole unazigusa kingo hizo. Kama jalada lenu liko hivyo, umepata shahidi wa pili. Likiwa na msimbomilia, yaani ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani, basi jalada hilo si la miaka ya 1960 kwa vyovyote, maana mistari hiyo ilianza kuonekana kwenye majalada ya santuri mwishoni mwa miaka ya 1970.

Lakini jalada linaweza kuhamishwa kutoka sahani moja kwenda nyingine, na katika nyumba zetu, ambamo watoto walipiga santuri na kurudisha sahani popote mkono ulipofika, jambo hilo limetokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Lebo nayo ina mtego wake. Ukiona herufi P ndani ya duara ikifuatiwa na mwaka 1963, huo ni mwaka ambao rekodi hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza. Sahani iliyokandamizwa miaka kumi baadaye inaweza kubeba 1963 ile ile, na hakuna aliyedanganya. Mwaka huo ni umri wa muziki. Umri wa sahani hutafutwa mahali pengine.

Mahali penyewe ni ile pete laini inayong'aa, iliyo kati ya mwisho wa wimbo wa mwisho na karatasi ya lebo. Iinamishe sahani chini ya taa, nawe utaona namba na herufi zilizokwaruzwa kwa mkono au kugongwa kwa chuma. Ili ujue kwa nini alama hizo zina thamani, inafaa kujua sahani inavyozaliwa. Fundi hukata mfereji wa sauti kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka, na pembeni ya mfereji ule huandika namba ya upande huo. Laka ile hufunikwa kwa madini, na madini yakibanduliwa hutoa umbo la kinyume, ambalo mafundi huliita baba. Baba humzaa mama, ambaye ana mifereji kama ya sahani yenyewe, na mama huzaa kalibu, ambazo hufungwa kwenye mashine na kukandamiza vinili ya moto. Kalibu huchakaa na kubadilishwa. Mama naye hubadilishwa, na laka ikihitajika upya hukatwa nyingine yenye namba inayofuata. Kila hatua inaacha alama yake kwenye pete, na kwa hiyo pete ndiyo cheti cha kuzaliwa ambacho hakuna awezaye kukichomoa na kukitia katika jalada jingine.

Usichukulie, hata hivyo, kwamba alama ya 1 ni ya kwanza siku zote na ya 2 ni ya baadaye. Columbia ya Marekani, kwa mfano, katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na viwanda huko Pitman, Terre Haute na Santa Maria, na laka kadhaa za upande mmoja zilikatwa kwa pamoja na kugawanywa viwandani. Sahani yenye alama 1A na yenye 1F, yaani za laka mbili tofauti, zinaweza kuwa zilifika madukani wiki moja, kila moja katika pembe yake ya nchi.

Huenda mnunuzi wa pili atakuja na hadithi ya nyimbo nne, basi uijue mapema. Albamu hii ilipokuwa inatolewa Marekani mwezi Mei 1963, nyimbo nne ziliondolewa na nyingine nne zikawekwa. Zilizoondolewa ni Let Me Die in My Footsteps, Talkin' John Birch Paranoid Blues, Rocks and Gravel na Rambling, Gambling Willie. Miongoni mwa zilizoingia ni Masters of War na Girl from the North Country. Sahani chache zenye nyimbo za awali zilitoka kiwandani hata hivyo, nazo ni miongoni mwa santuri zinazotafutwa kuliko zote duniani. Kinachowachanganya watu ni kwamba zile za mono zina lebo zinazotaja nyimbo mpya, ilhali mfereji unaimba za zamani. Kwa hiyo kusoma lebo hakutoshi, na hapa sikio ndilo hakimu. Hizo ni za Marekani, zenye namba CL 1986 kwa mono na CS 8786 kwa stereo. Yenu ni ya Uingereza, na usikubali mtu akupandishie matumaini kisha akuuzie wewe mwenyewe huduma ya kuihakiki.

Sasa Liege & Lief. Naipenda sana albamu hii, kwa kuwa wanamuziki wake walichukua tenzi za kale za Uingereza na Uskoti, kama Matty Groves na Tam Lin, wakazipiga kwa gitaa la umeme, fidla na ngoma bila kuzivunjia heshima, na sauti ya Sandy Denny inazisimulia kama mtu aliyekuwepo. Ilitoka Desemba 1969. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba haikuwa katika sanduku la mtu aliyeondoka Muheza mwaka 1968. Tena kuna la zaidi. Kampuni ya Island ilitoa chapa za kwanza za albamu hii kwa lebo iliyokuwa ya waridi yote. Lebo yenye mnazi na ukingo wa waridi ilikuja baadaye, miaka ya 1970 ilipoanza. Kwa hiyo sahani yenu ni halisi, ni ya zamani na inastahili kutunzwa, lakini si chapa ya kwanza, na iliingia nyumbani kwa njia nyingine.

Sisemi kwamba babu alisema uongo. Masimulizi ya nyumbani hukusanya mambo mengi katika siku moja, kama sanduku lenyewe lilivyokusanya sahani. Inawezekana meneja alimtumia sahani kwa posta baada ya kurudi kwao. Inawezekana alikuja mtu mwingine katika nyumba ile ile, naye akawa rafiki wa mpishi. Inawezekana hata baba yako au shangazi yako aliinunua mjini. Ningekuwa wewe, ningechukua daftari nikaandika namba za sahani zote kumi na mbili pamoja na alama za pete zake, nikazipanga kwa miaka, kisha nikakaa na wazee wa ukoo nikawauliza upya. Sahani ambayo haipatani na mwaka 1968 ndiyo itakayowakumbusha mtu ambaye wamemsahau.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mkusanyaji mchanga. Nimepata Anthems in Eden ya Shirley na Dolly Collins, lebo ya Harvest. Katika pete ya upande wa kwanza nimeona SHVL 754 A-1 upande mmoja, mbali kidogo kuna tarakimu 2 peke yake, na mkabala wake kuna herufi GR. Nimeambiwa GR ni herufi za jina la fundi. Je, ni kweli? — Msomaji, Chumbageni*

Si jina la fundi, ingawa kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa wapo mafundi waliotia majina yao. George Peckham wa London alikwaruza maneno «Porky» au «A Porky Prime Cut» katika sahani nyingi alizozikata, na Robert Ludwig wa Marekani aliandika RL, na wakusanyaji huzitafuta alama hizo kwa sababu ya ufundi wa mikono yao.

Harvest ilikuwa lebo ya EMI, na sahani za EMI zilikandamizwa katika kiwanda cha Hayes, magharibi ya London, kwa utaratibu wa kuhesabu ambao ukishauelewa hautausahau. Weka sahani ili namba ndefu iwe chini, upande wa tumbo lako. SHVL 754 ni namba ya albamu, A ni upande wa kwanza, na 1 ni laka ya kwanza. Tarakimu iliyo kushoto ni namba ya mama, na herufi zilizo kulia ni namba ya kalibu. Herufi hizo huchukuliwa kutoka neno GRAMOPHLTD, lililofupishwa kutoka jina la Gramophone Company Limited, ambamo G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9 na D ni sifuri. Kwa hiyo GR ni 12, na sahani yako ilitoka katika kalibu ya kumi na mbili, iliyozaliwa na mama wa pili, wa laka ya kwanza. Kampuni ya Decca ilikuwa na neno lake pia, BUCKINGHAM, lenye herufi kumi zisizojirudia, ambamo B ni 1 na kuendelea hadi M ambayo ni sifuri. Ukiyajua maneno hayo mawili utazisoma sahani nyingi za Uingereza za miaka ya 1960.

Tazama na lebo yenyewe. Chapa za mwanzo za Harvest hazikuwa na kisanduku chenye herufi EMI, kiliongezwa baadaye. Ikiwa lebo yako haina kisanduku hicho, na albamu yenyewe ni ya mwaka 1969, basi una chapa ya mapema, na kalibu namba 12 haipunguzi chochote. Wapo wanaolipa fedha nyingi kwa ajili ya kalibu G peke yake, lakini mimi nashauri kwamba sahani ya kalibu ya kumi na mbili iliyotunzwa vizuri isikilizwe kwa furaha kuliko ya kalibu ya kwanza iliyochanwachanwa na sindano butu.

Ningependa kuwakumbusha vijana wa Tanga kwamba tabia hii ya kuisoma pete isiishie kwenye sahani za Ulaya. Zile santuri ndogo za mizunguko 45 za Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na Black Star, ambazo zimezagaa katika maboksi ya Ngamiani bila majalada, nazo zina namba katika pete zake, na ni watu wachache mno walioziandika.

*Bwana Mhariri, mume wangu marehemu aliniachia santuri zake na sikutaka mtu aziguse. Nyumba yetu iko karibu na bahari. Baada ya masika nimekuta ukungu mweupe kwenye sahani na madoa kwenye majalada. Mwanangu anataka kuzifuta kwa spiriti. Nimruhusu? — Bibi wa Raskazone*

Pole sana, Bibi, kwa msiba na kwa hofu hii. Naomba mwanao asubiri kwanza na spiriti, kwa sababu moja kubwa: kama miongoni mwa santuri hizo zimo za zamani zaidi, zile nzito zinazovunjika kama kigae, hizo zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki, na spiriti huyeyusha shelaki. Sahani itaharibika mbele ya macho yake. Za vinili, ambazo ni nyepesi na hujipinda kidogo zikishikwa, haziyeyuki hivyo, lakini hata hizo hazihitaji spiriti kwa ukungu wa kawaida.

Osha moja moja, asubuhi isiyo na mvua, kivulini. Tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yasiyo na chumvi wala chokaa, na tone dogo la sabuni ya maji isiyo na manukato. Mafundi wa betri huwa na maji hayo, ila hakikisha kabisa kwamba hukupewa tindikali. Nasisitiza maji haya kwa sababu maji ya visima vya pande zetu, penye mawe ya chokaa kama yale ya mapango ya Amboni, yakikauka ndani ya mfereji huacha unga ambao sindano itausikia kila mzunguko. Pitisha brashi laini kwa kufuata duara la mifereji, kamwe usikatishe. Lebo isilowe, kwa sababu rangi yake na herufi zake ndizo zitakazomwambia mjukuu wako sahani ilitoka wapi. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni, kisha simamisha sahani ikauke yenyewe.

Majalada yapanguseni kwa kitambaa kikavu tu. Madoa ya unyevu yaliyokwishaingia kwenye karatasi hayatoki, na anayejaribu kuyatoa kwa maji huiondoa picha pamoja na doa. Jalada lililoachana lisibandikwe kwa utepe wa gundi, maana gundi hiyo hugeuka manjano na kula karatasi. Mifuko ya ndani msiitupe hata ikiwa imechakaa, kwa sababu matangazo yaliyochapishwa juu yake husaidia kujua mwaka.

Kuhusu mahali, santuri zisimame wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine, wala zisiegemee ukuta unaotazama bahari. Acha nafasi ya hewa nyuma ya rafu. Msizifunge katika mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, maana plastiki ya aina hiyo huacha ukungu wa mafuta juu ya sahani ambao ni mgumu kuondoka kuliko huu wa masika. Na kila mwaka kabla ya mvua za Machi, zitoeni zote mzipeperushe. Ni kazi ya siku nzima, Bibi, lakini ukiifanya na mwanao atajifunza kuzishika kwa kingo, na pengine utamsimulia marehemu alizipata wapi.

*Shikamoo. Nina sahani ya Joan Baez ya lebo ya Fontana, na nyumbani kuna gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Naweza kuipiga humo? — Msomaji, Pangani*

Marahaba. Usiipige humo hata mara moja. Gramafoni ya mkono ilitengenezwa kwa santuri za shelaki zinazozunguka mara 78 kwa dakika, na sindano yake ni ya chuma, nzito, ya kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Sahani yako ni ya mizunguko 33⅓, aina iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948, na mfereji wake ni mwembamba kiasi cha theluthi moja ya ule wa shelaki. Sindano ya chuma italima mfereji huo kama jembe, na sauti iliyong'olewa hairudi. Tafuta mashine ya umeme yenye sindano ya almasi au yakuti, nawe uangalie uzito wa mkono wake kabla ya kuishusha.

Fontana isikutie shaka. Joan Baez alirekodi kwa kampuni ya Vanguard ya New York, na Uingereza sahani zake zilitolewa kwa lebo ya Fontana, kwa hiyo hali yako ni kama ya ndugu wa Ngamiani na CBS yake. Utakapoandika tena, ututumie namba iliyo kwenye lebo pamoja na kila alama iliyo kwenye pete za pande zote mbili, hata zile zinazoonekana kama mikwaruzo tu.